Ng'ambo si Mahali

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili ni la safari, na safari haijaanza. Shangazi kalinunua leo, jalada gumu la bluu, akaniambia niandike kila siku kuanzia matayarisho, na kila Jumapili nimsomee, kwa sababu macho yake hayasomi tena maandishi ya mkono. Daktari anauita ugonjwa huo presha ya macho. Yeye anasema anaona dunia kwa tundu la ufunguo, na kuna mtu anazidi kuliziba. Akibahatika, tundu litabaki wazi mpaka mvua ziishe.

Kwa hiyo mwezi wa tano tunakwenda ng'ambo. Anataka, kabla hajaacha kuona, aone uso mmoja tu unaofanana na wake. Mama yake, yaani bibi yangu mzaa baba, aliondoka katika nyumba hii Shangazi akiwa na miaka mitano na marehemu baba yangu akiwa na miwili. Tangu hapo watu wote wa nyumba hii wamelelewa na sentensi moja: alirudi kwao ng'ambo. Aliyetaka kujua zaidi aliambiwa mambo ya wakubwa hayamhusu. Alichoacha ni kopo la bati la biskuti lenye jina la mji wa kigeni kifunikoni, na ndani yake kitambaa cheupe cha kichwa. Mji huo upo kwenye ramani, Shangazi ameutafutia mtu mwenye macho mazuri akamwonyesha. Tunasafiri kwa anwani ya biskuti.

Mimi naenda kwa sababu nipo. Niliachika Januari, nikarudi kwetu, yaani hapa kwa Shangazi, nikapata kazi ya pasi kwa dobi. Shangazi ameniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia ndiyo, maana ndilo jibu linalomaliza mazungumzo.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Mashati hamsini na mawili.

Jumamosi, 9 Machi

Nimempigia simu mwanangu. Tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama aliyo nayo shavuni. Ana miaka minane na anakaa kwa baba yake na bibi yake. Tulikubaliana amalizie muhula hukohuko, asihangaishwe. Simu hupokelewa na aliyekuwa mama mkwe wangu, na kila mara mtoto analala, au anaoga, au yuko kwa jirani. Sijawahi kusikia mtoto anayeoga kiasi hicho. Leo alikuwepo. Akaniuliza, "Bibi anasema umerudi kwenu. Kwenu ni wapi?"

Aliletwa hapa mara moja tu, akiwa bado wa kubebwa. Nikamwambia ni mbali kidogo. Si mbali, ni mabasi mawili. Lakini siku hizi nashika lililo jepesi, na hilo ndilo lililokuwa karibu.

Haya sitamsomea Shangazi.

Jumanne, 12 Machi

Tulikwenda kuomba pasipoti. Foleni ilianzia nje, tukanyeshewa, tukakaukia ndani kwa zamu. Karani alikuwa kijana mpole mwenye mafua. Alipofika kwenye mahali alipozaliwa mama wa mwombaji, Shangazi akajibu kwa sauti ya mtu anayetaja cheo: ng'ambo.

"Mama, ng'ambo siyo mahali," karani akasema. "Nitajie mahali."

Shangazi akatoa kopo la biskuti mkobani na kulisimamisha juu ya meza. Karani akasoma kifuniko, akatazama kopo, akanitazama mimi. Sikuwa na msaada. Mwishoni akaandika jina la ule mji, akapiga chafya, akagonga muhuri. Shangazi alirudi nyumbani anatembea kama bibi harusi.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Shuka za nyumba ya wageni, zote zimekataa kukauka.

Jumapili, 17 Machi

Nilimsomea. Nilipomaliza akasema ninaandika kama askari anayeandika ajali. Akataka nitie na yaliyomo moyoni. Nikamwahidi. Nimetafuta, sijaona kitu cha kutia.

Jumatano, 20 Machi

Niandike basi kuhusu kazini. Duka la dobi lina vyumba vitatu: cha kufulia, cha kuanikia wakati wa mvua, na changu cha pasi. Mwenye duka ni mzee wa miaka themanini hivi, alirithi kwa baba yake, na sisi wote tunamwita Mzee Wanga kwa sababu hata kola ya shati lake la kulalia, inasemekana, imetiwa wanga. Hafui tena. Kazi yake ni kukaa kwenye kigoda na kushona alama. Kila nguo inayoingia hupigwa nyuzi mbili tatu kwenye pindo, mahali pasipoonekana, ili shati la mwalimu lisiende kwa mwuza nyama. Kuna vijikaratasi vya kubandika siku hizi. Yeye anasema karatasi haiijui sabuni.

Napenda pasi. Kikunjo kinakuja, unakipitia, kinaondoka. Hakiulizi chochote.

Jumatano, 27 Machi

Jibu la barua yetu ya kumwulizia Bibi limetoka kwenye ofisi ya ule mji wa biskuti. Walituandikia kwa adabu kwamba wametafuta kwenye kumbukumbu zao na hawana mtu wa jina hilo, wala jina linalokaribiana nalo. Wameuliza kama tuna hakika na mji wenyewe.

Nilimsomea Shangazi mara mbili. Akasema watu wa ofisi popote ni walewale, hawanyanyuki kwenye kiti, tukifika wenyewe watatafuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilitaka kumwambia kwamba debe tupu haliachi kuvuma, lakini kopo lilikuwa mapajani mwake na alikuwa analipapasa kifuniko. Nikaenda kuanua nguo.

Jumamosi, 30 Machi

Nilipiga simu saa kumi jioni. Mtoto amelala.

Jumanne, 2 Aprili

Shangazi ameanza kupanga sanduku. Anapanga, anapangua. Amegonga jicho kwenye mlango wa kabati, hakuuona ukiwa wazi. Amenikataza nisimwambie daktari.

Jumatano, 3 Aprili

Asubuhi Shangazi alinipa kile kitambaa cha bibi nikakifue na kukinyoosha, asije akawaonyesha ndugu zake kitu chenye harufu ya kopo. Dobi hajifulii, akanitania, basi afulie wazee.

Nilikifua kwa mkono, peke yake. Nilipokiweka kwenye meza ya pasi na kukunjua pindo, nikaona nyuzi: kijimsalaba, na vijiti viwili kando yake, kwa uzi mwekundu uliopauka ukawa kama kutu. Sikushtuka. Mtu anayenyoosha nguo mia kwa siku anaona alama kama anavyoona vifungo. Nilikuwa nimeshaupitishia pasi mstari mzima ndipo nikajiuliza alama ya dobi imeingiaje kwenye kitambaa cha nchi nyingine.

Nikampelekea Mzee Wanga. Alikileta karibu na pua, akakisugua pindo kwa ukucha.

"Huu ni mkono wa baba," akasema. "Umekipata wapi? Nyekundu hatujashona tangu daraja lijengwe. Hii ni ya ng'ambo."

Nikamwuliza, ng'ambo nchi gani.

"Nchi?" Akaninyooshea kidevu dirishani, kule mto unakopita. "Ng'ambo ya mto, binti. Pale."

Kisha akanieleza bila haraka, kama mtu anayeeleza namna ya kuloweka. Zamani hapakuwa na daraja, palikuwa na kivuko cha kamba. Upande wa pili, huko sasa kunakoitwa Viwandani, kulikuwa hakuna jina. Watu wa huku walisema ng'ambo, ikatosha. Nguo za huku alama yake uzi wa bluu, za ng'ambo uzi mwekundu, ili zisichanganyike kwenye kapu la kivuko. Yeye ndiye alikuwa anavuka na baba yake kuzigawa. Msalaba na vijiti viwili ilikuwa nyumba ya fundi viatu, chini ya tanuri la matofali. Fundi alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa aliolewa huku, akakaa miaka michache, ndoa ikamshinda, akarudi kwao.

Nilirudi kwenye pasi. Nilikuwa nimeiacha juu ya shati la mtu, limeungua mgongoni, umbo la pasi kamili. Hiyo ni mara yangu ya kwanza kuunguza.

Alhamisi, 4 Aprili

Sijamwambia. Amenunua soksi za safari.

Ijumaa, 5 Aprili

Sijamwambia. Nimewaza hivi: hakuna aliyedanganya. Babu alisema ng'ambo, na ilikuwa ng'ambo. Halafu daraja likajengwa, neno likakosa mto wake, likaenda kutafuta bahari. Waliokuwa wanajua walinyamaza, wakafa mmoja mmoja, na sisi tukabaki na kopo.

Nikimwambia, safari imekufa, na safari ndiyo inayomwamsha asubuhi. Nisipomwambia, nitamvusha nchi nzima akatafute uso usiokuwepo, na tundu litazibwa hukohuko ugenini. Nayajua yote mawili. Nayatazama kama kipimo cha joto cha mtu mwingine.

Jumapili, 7 Aprili

Nilimsomea. Nilisoma ya Jumanne, kisha nikairuka ya Jumatano kwenda kwenye jambo la soksi.

"Umefunua karatasi mbili," Shangazi akasema.

Nikasema zimegandana kwa unyevu.

"Mimi macho ndiyo mabovu. Rudi nyuma usome."

Nikasoma. Nilisoma yote, na la kidevu dirishani, na la shati kuungua. Sauti yangu haikubadilika, niliisikia mwenyewe, ilikuwa sauti ya mtu anayesoma bei. Nilipomaliza, mvua ilikuwa imeongezeka na bati linapiga kelele, ikabidi angoje ipungue.

"Tanuri la matofali," akasema. "Lile nilikonunua matofali ya ukuta wa uani?"

Nikasema ni hilohilo, hakuna jingine. Ukuta huo ulijengwa miaka ishirini na nne iliyopita, alifuata matofali yeye mwenyewe kwa sababu hakumwamini fundi. Aliniambia twende kesho.

Jumatatu, 8 Aprili

Mto umepanda. Daraja limefungwa.

Jumatano, 10 Aprili

Limefungwa. Tulikwenda mpaka kwenye kizuizi. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita juu ya barabara. Shangazi aliniuliza ng'ambo inaonekana. Nikamwambia inaonekana, kuna mnara wa simu, kuna mtu anaanika mikeka. Akaniuliza mtu wa kike au wa kiume. Hakuonekana vizuri. Nikasema wa kike.

Jumamosi, 13 Aprili

Limefungwa. Nilipiga simu. Mtoto anaoga.

Jumatano, 17 Aprili

Limefungwa. Shangazi hazungumzi. Sanduku limekaa tupu juu ya kitanda, hapangi tena wala hapangui.

Jumamosi, 20 Aprili

Wamefungua daraja kwa waenda kwa miguu. Tulivuka saa nne asubuhi, Shangazi amenishika mkono juu ya kiwiko, amevaa soksi za safari. Nilipima kwa saa ya simu: dakika kumi na sita kutoka mlango wetu mpaka mwisho wa daraja, na hapo tulikwenda polepole.

Nyumba haikutusumbua kuipata. Chini ya tanuri kuna kibaraza, na kwenye kibaraza palikuwa na mwanamke wa miaka sitini hivi amepakata kiatu, anakishona soli. Shangazi hakumwona vizuri, mimi nilimwona. Kidevu ni kilekile cha Shangazi, kimegawanyika katikati kama kimebonyezwa na kidole, na alipotuona alikinyanyua vilevile, kama mtu anayetaka kubishana bei. Nilisimama pale nikasahau salamu.

Shangazi akajieleza. Alitaja jina la mama yake, akakitoa kitambaa. Yule mwanamke aliweka kiatu chini na sindano ikiwa bado imechomekwa. Yeye ni mtoto wa yule binti mdogo wa fundi viatu. Bibi yangu alikuwa mama yake mkubwa, aliishi hapo mpaka uzee, akafa miaka kumi na tisa iliyopita. Yeye mwenyewe alilelewa na Bibi, akajifunza kwake kushona viatu.

"Mama Mkubwa alikuwa akisema ana watoto wawili ng'ambo," akasema. "Sisi tumezaliwa daraja lipo. Tukajua ni nchi za nje. Tulikuwa tunamtania, hao watoto wako wa ng'ambo mbona hawakuletei hata kadi? Alikuwa anacheka."

Kwa Bibi, ng'ambo ilikuwa huku kwetu. Nilielewa kabla ya Shangazi, nikamwona naye anafika taratibu.

Shangazi akauliza kwa nini mama yake hakuvuka. Mwanamke alisema hajui. Mama yake aliwahi kumwambia kwamba dada yake alivuka mara mbili mwanzoni, na mara ya pili hakufunguliwa mlango. Baadaye daraja likajengwa, watoto wakawa watu wazima, labda aliogopa kuulizwa. Hakutaka kumsingizia marehemu, akaomba asiulizwe zaidi.

Shangazi akataka kujua alipenda kukaa wapi mchana. Hapo, akaambiwa, hapo ulipokaa wewe.

"Basi nilimwamkia," Shangazi akasema. Alikuwa anaongea na kibaraza. "Nilipita hapa mara tatu na mkokoteni wa matofali. Siwezi kumpita mtu mzima kibarazani bila kumwamkia, sikulelewa hivyo. Nitakuwa nilimpa shikamoo, na yeye akaitika marahaba, nikaenda zangu na matofali."

 Tanuri lilikuwa halijawashwa kwa ajili ya mvua. Halafu Shangazi akamwomba yule ndugu yake asogee. Akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kidogo, akaurudisha, akiutafutia mahali kwenye tundu lake. Ilichukua muda. Akaupata kwa vipande, kwanza jicho, kisha mdomo, kisha kidevu.

"Ndiyo," akasema. "Ndio huu."

Wote wawili walilia. Mimi nilitoka nikasimama karibu na matofali. Nilihisi aibu. Naiandika kwa sababu aliniambia niandike yaliyomo moyoni, na hii ni ya kwanza tangu Januari. Ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nilimwambia mwanangu kwamba kwetu ni mbali kidogo.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilimsomea Shangazi yote tangu mwanzo, na ya tarehe tisa Machi niliyomficha. Hakunigombeza. Aliuliza mabasi ni mawili au matatu. Nikasema mawili. Akasema haya.

Jumatano, 24 Aprili

Pasipoti zimetoka. Shangazi ameiweka yake ndani ya kopo la biskuti, amesema hatuendi, na kwamba yule karani mwenye mafua alikuwa na akili kuliko ukoo wetu mzima. Ndugu yake amevuka leo kuja kututembelea. Wameketi uani, wameegemea ukuta.

Ijumaa, 26 Aprili

Shangazi ana tabia mpya. Mtu akimwamkia, haitiki tu. Anasema, "Marahaba, wewe mtoto wa nani?" na hamwachi mpaka ajieleze. Muuza maziwa amejieleza siku tatu mfululizo. Majirani wanacheka, wanasema kizee kimehamia uhamiaji. Tundu limepungua sana wiki hii. Ananijua kwa hatua.

Nilipiga simu. Mtoto yuko kwa jirani. Nikasema sawa, nitakuja mwenyewe Jumapili, nitamsubiri mpaka arudi kwa jirani.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua ilikatika asubuhi. Mama mkwe alisimama mlangoni mkono mmoja kwenye fremu. Nilimwamkia. Nilimwambia sikuja kugombana wala kuhamisha mtu, namchukua mtoto mpaka jioni nimwonyeshe njia. Akaniuliza njia gani. Nikasema ya kwetu. Akanitazama. Sijui aliona nini, lakini akashusha mkono, akamwita.

Kidoti hakunikimbilia. Alikuja taratibu, ameshika begi kwa mbele. Kwenye basi hakutaka kukaa karibu na mimi, alikaa dirishani kiti cha mbele yangu, nikamwona kisogo tu. Nikamwambia ahesabu vituo na asome vibao. Kituo cha tatu akaanza kuhesabu kwa sauti. Tuliposhuka kubadilisha basi nilimwonyesha namba yake na rangi, nikamwomba aseme, akasema. Vikawa kumi na kimoja kwa jumla. Kutoka kituoni nilimwonyesha duka la dobi, nikamwonyesha kona, nikamwonyesha mlango wetu wa kijani ulioachwa na rangi chini.

Akautazama. Akageuka akatazama tulikotoka.

"Ni hapa tu?"

"Ni hapa tu."

"Mbona ulisema mbali?"

Nikamwomba msamaha, na sauti yangu haikuwa ya kusoma bei. Ilikatika katikati ya neno ikabidi nianze tena. Kidoti alinitazama usoni, kisha akanishika mkono, si kiganja, vidole viwili tu.

Shangazi alikuwa ameketi ndani, ameelekeza uso mlangoni. Alisikia hatua asizozijua.

"Shikamoo," Kidoti akasema.

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa huyu."

"Huyu nani? Mimi sioni."

"Mama yangu," Kidoti akasema. "Anakaa hapa."